Eunice Shriver: Dada wa Rais aliyewapa namba waliofungiwa ndani

JULAI 20, 1968, Uwanja wa Soldier Field jijini Chicago, Marekani, ulikuwa na nafasi ya mashabiki zaidi ya 80,000. Waliokaa jukwaani hawakufika hata 100. Ukitazama majukwaa tu, ungedhani siku hiyo hakuna mchezo wowote.

Kumbe uwanjani kulikuwa na wanamichezo 1,000 kutoka majimbo 26 ya Marekani na kutoka Canada. Wote walikuwa na ulemavu wa akili. Wapo waliokuja kukimbia, waliokuja kuogelea na waliokuja na magongo yao kucheza hoki ya ukumbini.

Nyuma ya shughuli hiyo alikuwa mwanamama mwembamba wa miaka 47, Eunice Kennedy Shriver. Wiki sita tu kabla ya siku hiyo alimzika mdogo wake, Robert, aliyepigwa risasi akiwa katika mbio za urais. Haikuwa imetimia miaka mitano tangu kaka yake, Rais John F. Kennedy, naye auawe kwa risasi. Wengi wangeahirisha. Eunice alipanda jukwaani na kufungua michezo.

Hadi leo wapo wanaoichukulia Special Olympics kama siku ya kuwahurumia walemavu, wakapigiwa makofi, wakapewa soda na kurudishwa nyumbani. Ukifuatilia maisha ya mwanamama huyu unaona alichotaka ni kitu kingine kabisa. Alitaka wapewe namba. Wawe na kocha, wafanye mazoezi, wacheze mechi na matokeo yahesabiwe.

NYUMBA ISIYOTAKA NAMBA MBILI

Eunice alizaliwa Julai 10, 1921, Brookline, katika jimbo la Massachusetts. Alikuwa mtoto wa tano kati ya tisa wa tajiri Joseph Kennedy na mkewe, Rose. Nyumba ile ilikuwa kama kambi ya timu. Watoto walishindana kwenye kila kitu: kuogelea, tenisi, mashua za matanga na mpira wa Kimarekani uliochezwa kwenye nyasi za nyumbani kwao Hyannis Port. Baba yao hakupenda kusikia habari za kushika nafasi ya pili.

Eunice hakuwa mtazamaji. Alikimbizana na kaka zake na kugombana nao kama mmoja wao. Mwili wake ulimsumbua mara kwa mara kwa maradhi, na alikuwa mwembamba kupita kiasi, lakini kwenye ushindani hakukubali kuachwa.

Ndani ya nyumba hiyohiyo alikuwepo Rosemary, dada yake mkubwa, aliyezaliwa Septemba 1918. Rosemary alichelewa kutambaa, akachelewa kutembea na kuongea. Shuleni kusoma na kuandika kulimshinda. Katika familia ya washindani, yeye ndiye aliyekuwa akibaki nyuma.

Eunice ndiye aliyekuwa akimchukua. Alicheza naye tenisi na kuogelea naye. Kwenye mashindano ya mashua alimpanga kwenye kikosi chake. Rosemary alipewa kazi ya tanga la mbele, akaelekezwa cha kufanya, na aliifanya. Alipenda sana kuwa kwenye mashua iliyoshinda.

Hapo ndipo Eunice alipojifunza somo ambalo kocha yeyote analijua. Mchezaji akipewa jukumu linalomfaa, timu inafaidika naye. Akiachwa ufukweni, hakuna atakayejua anaweza nini.

UPASUAJI ULIOHARIBU KILA KITU

Mwaka 1938 Joseph Kennedy aliteuliwa kuwa balozi wa Marekani nchini Uingereza na familia ikahamia London. Rosemary alipelekwa shule iliyofundisha kwa mtindo wa Montessori na akaonekana kuimarika. Vita vilipoanza wakarudi Marekani, na mambo yakaanza kwenda kombo. Rosemary alikuwa msichana wa miaka 20 na kitu sasa. Alikasirika haraka na wakati mwingine alitoroka.

Novemba 1941 baba yake aliamua afanyiwe upasuaji wa ubongo, ambao baadhi ya madaktari wa wakati huo waliamini unatuliza wagonjwa. Rosemary alikuwa na miaka 23. Matokeo yalikuwa mabaya kuliko mtu alivyoweza kufikiria. Binti aliyekuwa akicheza dansi na kushika kamba za tanga hakuweza tena kutembea wala kuongea vizuri. Alifichwa, na mwaka 1949 akapelekwa kwenye makazi ya watawa Jefferson, jimbo la Wisconsin, mbali kabisa na nyumbani.

Ndani ya familia jina lake likawa halitajwi. Misiba nayo ikafuatana. Kaka mkubwa, Joseph Jr., alikufa vitani mwaka 1944 ndege yake ilipolipuka. Dada mwingine, Kathleen, akafa kwenye ajali ya ndege mwaka 1948.

Eunice alihitimu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1943 akisomea sosholojia. Angeweza kukaa na kula fedha za baba. Badala yake alifanya kazi serikalini kwenye masuala ya vijana waliokosa mwelekeo, kisha akawa ofisa ustawi wa jamii kwenye gereza la wanawake Alderson, West Virginia. Baadaye akahamia Chicago kufanya kazi na wasichana wenye matatizo. Mwaka 1953 aliolewa na Sargent Shriver na wakajaliwa watoto watano. Shriver ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Peace Corps, shirika ambalo mwaka 1961 lilileta vijana wake wa mwanzo Afrika, Tanganyika ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuwapokea.

SIRI YATOLEWA HADHARANI

Familia ilikuwa imeanzisha taasisi yenye jina la marehemu Joseph Jr. Mwaka 1957 Eunice alikabidhiwa kuiendesha, na akaigeuza yote kuelekea suala la ulemavu wa akili. Alizunguka kwenye makazi walikowekwa watu hao. Alikuta watoto wamejazana vyumbani kutwa nzima, hawana shule, hawana mpira, hawana hata uwanja wa kukimbia.

Kaka yake alipoingia Ikulu mwaka 1961, bibie alimganda. John akaunda jopo la wataalamu kuchunguza hali hiyo, na mwaka uliofuata ikaanzishwa taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya mtoto. Miaka mingi baadaye taasisi hiyo ilipewa jina la Eunice.

Septemba 1962 alifanya jambo ambalo familia yao haikuwa imelifanya. Aliandika makala kwenye jarida kubwa la Saturday Evening Post na kueleza wazi kuwa Rosemary, dada wa Rais, ana ulemavu wa akili. Suala la upasuaji hakuligusa, na huo ulibaki upungufu wa simulizi yake. Lakini kwa wazazi waliokuwa wakificha watoto wao, kusoma kwamba hata kwenye ukoo wa Rais yupo mtoto kama wao halikuwa jambo dogo.

KAMBI NYUMBANI KWA MAMA

Kabla makala hiyo haijatoka, Juni 1962, alikuwa ameshaanza kazi kwa vitendo. Mama mmoja alimweleza kwamba hapati kambi ya likizo itakayompokea mtoto wake mwenye ulemavu wa akili. Eunice hakusubiri bajeti wala kikao. Aliwaalika watoto zaidi ya 30 kwenye shamba lake la Timberlawn, Maryland, jirani na Washington. Akatafuta wanafunzi wa sekondari na vyuo wawe wasaidizi, karibu kila mtoto na wake.

Watoto waliogelea, walipiga mpira na walipanda farasi. Mwenye nyumba mwenyewe aliingia bwawani na nguo za kuogelea kufundisha. Watoto wake wa kuzaa nao walichanganywa humohumo. Kambi ikawa ya kila kiangazi, na taasisi yake ikaanza kutoa fedha kwa sehemu nyingine zilizotaka kuiga.

Wakati huo huko Canada mtafiti Frank Hayden, wa Chuo Kikuu cha Toronto, alikuwa akipima afya za watoto wenye ulemavu wa akili. Aligundua wako nyuma sana kwa pumzi na nguvu. Lakini sababu kubwa haikuwa ulemavu. Ilikuwa kukaa tu bila mazoezi. Walipopewa programu ya mazoezi, viwango vyao vilipanda. Eunice alimwita Marekani wafanye kazi pamoja.

Chicago nako, mwalimu kijana wa michezo wa idara ya viwanja vya jiji, Anne McGlone, aliyekuja kujulikana kama Anne Burke, alikuwa na wazo la mashindano ya riadha ya jiji zima kwa watoto aliokuwa akiwafundisha. Alipeleka ombi kwa taasisi ya Eunice. Jibu likawa fedha zipo, ila panua wazo, leta na majimbo mengine. Huko ndiko Soldier Field ilikotokea.

KWA NINI HAIKUWA BONANZA

Mashindano yaliendelea, Chicago tena mwaka 1970, Los Angeles mwaka 1972. Michezo ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika Colorado mwaka 1977. Mwaka 1988 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, iliitambua rasmi Special Olympics na kuiruhusu kutumia jina la Olimpiki.

Kwa shabiki wa soka, jambo la kutazama ni jinsi mechi zenyewe zinavyopangwa. Timu hazikutanishwi ovyo. Kwanza wachezaji hupimwa na timu hucheza mechi fupi za majaribio, kisha zinawekwa kwenye makundi ya zinazolingana uwezo. Timu nzuri inakutana na nzuri, na inayoanza inakutana na inayoanza. Hakuna kufungwa mabao 15 kisha mtu akaambiwa alichokuja kufanya ni kushiriki. Kila mechi inaweza kwenda upande wowote. Soka huchezwa la watu watano, la saba na la 11, kulingana na uwezo wa timu na wingi wa wachezaji.

Lawama zilikuwepo, na nyingine zilikuwa za haki. Miaka ya mwanzo kulikuwa na watu maalumu wa kuwakumbatia wakimbiaji kwenye mstari wa kumalizia. Wakosoaji walisema mtu mzima wa miaka 30 anafanywa kama mtoto mchanga. Wengine walihoji inasaidia nini kuwatenga na wanamichezo wengine, wakati maisha yao yote wametengwa.

Jibu kubwa lilikuja miaka ya 1980 kupitia michezo unganishi. Timu moja inachanganya wenye ulemavu wa akili na wasio nao. Kwenye soka la watu 11, wanaoanza ni sita wenye ulemavu na watano wasio nao. Wanafanya mazoezi pamoja na kupokea maelekezo ya kocha mmoja. Mwenzako akikosea pasi unamgombeza, akifunga unamrukia. Ni ileile mashua ya Hyannis Port, Rosemary akiwa kwenye tanga la mbele.

DAKIKA ZA MWISHO

Heshima zilimjia. Mwaka 1984 Rais Ronald Reagan alimvisha Nishani ya Uhuru, ya juu kabisa kwa raia wa Marekani. Mwaka 1995 sura yake iliwekwa kwenye sarafu ya fedha ya dola moja, akiwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupewa heshima hiyo akiwa hai. Mwanaye Timothy akaja kushika usukani wa shirika.

Mwaka 2003 mashindano ya dunia ya kiangazi yalifanyika nje ya Marekani kwa mara ya kwanza, Dublin, Ireland. Safari hii majukwaa ya Croke Park yalijaa, na Nelson Mandela alikuwepo kwenye ufunguzi. Wanamichezo walikuwa karibu 7,000. Miaka minne baadaye ikawa zamu ya Shanghai, China.

Rosemary, ambaye baadaye alirudishwa kwenye maisha ya familia na kutembelea nyumba ya Eunice, alifariki dunia Januari 7, 2005 akiwa na miaka 86. Eunice alifuata Agosti 11, 2009, huko Hyannis, akiwa na miaka 88. Wanamichezo wa Special Olympics walikuwemo kwenye msafara wa mazishi yake. Wiki mbili baadaye mdogo wao, Seneta Edward Kennedy, naye akaondoka.

Alipofariki, wanamichezo waliosajiliwa walikuwa takriban milioni tatu katika zaidi ya nchi 150. Tanzania na Kenya zina programu zao, na timu zake zimekuwa zikienda kwenye mashindano ya dunia.

Lakini kazi ya mama huyu haikuanza na ndege wala uwanja wa watu 80,000. Ilianza na watoto 30 na ushee kwenye nyasi za nyumba ya mtu. Mtaani kwetu viwanja vya vumbi vipo na timu za jioni zipo, na kocha anayegawa bipsi anawajua wachezaji wake wote kwa majina. Nyumba ya tatu kutoka hapo yupo kijana anayesikiliza kelele za mechi akiwa ndani. Kumfuata hakuhitaji kibali cha IOC. Kunahitaji kocha agonge mlango, aombe ruhusa kwa mzazi na ampe bipsi kijana kama wenzake.