Mama Louise Pearce na wagonjwa 77 wa Léopoldville

Mwaka 1920, mama mmoja Mmarekani wa miaka 35 alifika peke yake Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Alileta dawa iliyokuwa imeponya panya na sungura, lakini nguvu yake kwa mtu mwenye ugonjwa wa usingizi ilikuwa ingali kupimwa. Jina lake Louise Pearce. Siye Wakongomani tungepaswa kumjua zaidi, maana kazi iliyompa sifa ilifanyika hapa kwetu, katika miili ya watu wetu.

Alizaliwa tarehe 5 Machi 1885 huko Winchester, Massachusetts. Alisoma Stanford, kisha akapata diploma ya udaktari Johns Hopkins mwaka 1912. Mwaka uliofuata Simon Flexner alimchukua kwenye Taasisi ya Rockefeller, New York. Wakati ule kumuona mwanamke ndani ya labo ya namna hiyo haikuwa jambo la kila siku.

Ugonjwa wenyewe wazee wetu waliujua vizuri. Mbung'o anamuuma mtu, anaacha ndani ya damu vidudu vinavyoitwa tripanosoma. Mwanzo ni homa na kuumwa kichwa. Kisha vidudu vinaingia katika ubongo, na hapo ndipo taabu kubwa: mtu analala mchana, usiku hapati usingizi, akili inabadilika, mwisho anakufa. Dawa ya wakati ule, atoksili, ilikuwa ya arseniki. Iliua vidudu vya damu, lakini vile vya ubongo vilibaki kimya vikingoja. Tena iliharibu macho ya watu.

Basi shida ilikuwa hiyo: kupata arseniki inayoweza kufuata kidudu mpaka kichwani bila kumuua mwenye kichwa. Wakemia wawili wa Rockefeller, Walter Jacobs na Michael Heidelberger, walitengeneza dawa nyingi za ukoo ule. Pearce na mwenzake Wade Hampton Brown ndio waliozijaribu kwa wanyama, moja moja, kipimo kwa kipimo. Kazi ya kuchosha kweli, isiyopigiwa makofi. Mwaka 1919 wakatangaza moja: triparsamide.

Flexner akamtuma Pearce Kongo. Kule Léopoldville alitibu wagonjwa 77, wengine wakiwa mwanzo wa ugonjwa, wengine wakiwa wamefika mbali. Alipima damu yao, alipima maji ya uti wa mgongo, aliandika kila sindano. Ndani ya siku chache vidudu vilitoweka katika damu. Na kwa wengi waliokuwa wamekwisha kupotewa na akili, nguvu ilirudi, fahamu nayo ikarudi. Mwaka 1921 ripoti yake ilitoka, na dawa ikaenea katika Afrika ya kati.

Lakini tuseme yote. Zamani za ukoloni, kumtenga mgonjwa wa usingizi ilikuwa desturi. Wengi walifungiwa katika lazareti mbali na jamaa zao. Mtu wa namna hiyo angemkataliaje daktari? Pearce alirudi kwao na matokeo yake, na Ubelgiji ukampa nishani ya Taji. Wale 77 historia inawataja kwa hesabu tu. Kwetu siye, nusu ya ile nishani ni yao.

Na triparsamide nayo ilikuwa na sumu kwa mishipa ya macho. Pearce mwenyewe alikuwa ameona hatari hiyo na kuiandika. Karibu mwaka 1930, huko Bafia, Kameruni, munganga mmoja alipita kipimo, na watu kama 700 wakawa vipofu. Pearce hakuwa na kosa katika hilo. Lakini ndivyo inavyokuwa kwa dawa inayokaa karibu sana na sumu: usalama wa mgonjwa uko mikononi mwa anayeshika sindano.

Aliporudi New York aliendelea na sungura kwa miaka mingi, akichunguza kaswende, kansa, na magonjwa ya kurithi. Uvimbe mmoja wa sungura mpaka leo unaitwa Brown-Pearce. Kuanzia 1946 hadi 1951 aliongoza chuo cha wanawake cha udaktari cha Pennsylvania. Rockefeller, ambako alitumika karibu maisha yake yote ya kazi, hawakumpandisha kamwe mpaka ngazi ya juu kabisa. Siye tunaona hapo haki haikutendeka. Wabelgiji, wao, walimkumbuka tena mwaka 1953 kwa zawadi ya Mfalme Léopold II, dola 10.000.

Alikufa New York tarehe 10 Agosti 1959, bado miezi kumi na kitu Kongo ipate uhuru. Mwaka 1985, katika nyumba ileile ya Rockefeller, watafiti waligundua ndani ya tripanosoma kitu ambacho mwili wa mtu hauna, wakakiita tripanothioni. Baadaye ikaonekana kwamba arseniki inakishika na kukifunga. Pearce alikuwa amefanya kazi maisha yake yote bila kujua mlango ambao dawa yake iligonga.

Triparsamide haitumiki tena. Wagonjwa wengi wa leo wanapewa vidonge vya fexinidazole, vilivyojaribiwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu na kukubaliwa na serkali yetu mwishoni mwa 2018. Vinamezwa siku kumi, pamoja na chakula.