Einthoven, profesa aliyeupa moyo wa binadamu kipimo kimoja

Mfanyabiashara wa mpakani anajua hasara ya mizani mbili zisizokubaliana. Kilo ya upande huu ikikataliwa upande ule, mzigo unalala, na ndizi hazisubiri. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari walikuwa na shida ya namna hiyo kuhusu moyo: kila mmoja aliusikiliza kwa sikio lake na kuueleza kwa maneno yake. Mtu aliyewapa kipimo kimoja ni Willem Einthoven, daktari wa Uholanzi aliyefanya kazi ya mhandisi wa vifaa tiba kabla fani hiyo haijapata jina.

Alizaliwa Mei 21, 1860, Semarang, mji wa bandari katika kisiwa cha Java. Leo kisiwa hicho ni sehemu ya Indonesia, lakini wakati huo kilitawaliwa na Uholanzi. Baba yake, Jacob, alikuwa daktari huko. Alifariki Willem akiwa bado mtoto mdogo, na mwaka 1870 mama yake alifunga mizigo akahamia Utrecht, Uholanzi, akiwa na watoto sita.

Willem alisomea udaktari Utrecht. Alipenda sana michezo, na siku moja akavunjika kifundo cha mkono katika mazoezi ya viungo. Alipokuwa akiuguza mkono, alianza kuchunguza jinsi kiwiko kinavyozunguka, na uchunguzi huo ukawa utafiti wake wa mwanzo. Mwaka 1885 alipata shahada ya udaktari wa falsafa. Akiwa na miaka 25 tu, Chuo Kikuu cha Leiden kilimteua kuwa profesa wa elimu ya utendaji wa mwili. Hakuhama tena hadi kifo chake.

Kila moyo unapopiga hutoa umeme hafifu unaofika hadi kwenye ngozi. Mwaka 1887, Augustus Waller aliuonyesha umeme huo jijini London kwa kutumia zebaki ndani ya mrija mwembamba wa kioo. Tatizo ni kwamba zebaki ni nzito. Ilichelewa kuufuata moyo, na mchoro uliotoka ulikuwa umepotoka.

Einthoven alianza kwa kuusahihisha mchoro huo kwa hesabu. Hesabu za juu hazikuwa somo la madaktari, hivyo alijifundisha mwenyewe kupitia kitabu cha Lorentz, profesa wa fizikia wa hapo hapo Leiden. Mawimbi aliyoyapata aliyapa herufi P, Q, R, S na T. Lakini kusahihisha mchoro mmoja mmoja kulikula muda mwingi. Akaamua kutengeneza chombo kisichohitaji kusahihishwa.

Mwaka 1901 alikitangaza. Kilikuwa na uzi wa kwatzi, jiwe linalong'aa kama kioo, ulioyeyushwa na kuvutwa hadi ukawa mwembamba kuliko unywele, kisha ukapakwa madini ya fedha ili upitishe umeme. Uzi huo uliwekwa katikati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulitikisika, na taa ikapiga kivuli chake kwenye kioo cha picha kilichokuwa kikitembea. Mfaransa Clément Ader alikuwa tayari ametumia waya katikati ya sumaku kupokea simu za maandishi zilizopita chini ya bahari. Einthoven aliunda chombo chepesi zaidi cha kuhisi, akakielekeza kwenye moyo.

Mashine nzima ilikuwa na uzito wa takriban kilo 270, ikachukua vyumba viwili na kuhitaji watu watano kuiendesha. Sumaku zake zilipozwa kwa maji. Mgonjwa alitumbukiza mikono yote miwili na mguu mmoja katika vyombo vya maji ya chumvi.

Mzigo kama huo haubebeki hadi wodini, na mgonjwa mahututi naye habebeki hadi maabara. Mwaka 1905 Einthoven alipata njia: waya wa simu wa kilomita 1.5 hivi kutoka hospitali hadi maabara yake. Mgonjwa alibaki kitandani, umeme wa moyo wake ukasafiri.

Kisha akaweka masharti ya kipimo: urefu gani kwenye mchoro uwakilishe kiasi gani cha umeme, na umbali gani uwakilishe muda gani. Milivolti moja iwe sentimita moja kwenda juu. Sekunde moja iwe milimita 25 kwenda mbele. Mtu yeyote, popote, aliyefuata masharti hayo angeweza kusoma mchoro wa mwenzake.

Biashara haikumwendea vizuri mara moja. Edelmann, mtengenezaji wa vifaa wa Munich, alikubali kumlipa mrabaha kwa kila mashine. Alipoona bidhaa inauzika, naye akiwa ameifanyia marekebisho yake, aliacha kulipa. Einthoven alihamia kwa kampuni ya vifaa vya sayansi ya Cambridge, Uingereza, nayo ikaipeleka mashine kwenye hospitali. Thomas Lewis wa London aliitumia kueleza magonjwa ya mapigo ya moyo, na Einthoven hakuacha kumtaja kwa heshima.

Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba. Habari ilimkuta akiwa safarini Marekani. Wanaosimulia maisha yake husema aligawana fedha za tuzo na dada wawili wa fundi aliyemsaidia kutengeneza mashine, kwa kuwa fundi huyo alikuwa ameshafariki na dada zake walikuwa maskini. Einthoven alifariki Leiden Septemba 29, 1927.

Mashine ya leo hubebwa mkononi, lakini herufi ni zile zile na kipimo ni kile kile. Karatasi ya ECG iliyotolewa Namanga husomeka Arusha na Nairobi bila tafsiri, na iliyotolewa Busia husomeka Kampala. Kwa anayetibiwa leo upande mmoja na kesho upande mwingine, karatasi hiyo ina thamani ya hati ya safari: daktari huilinganisha na mchoro mpya ili ajue kilichobadilika. Itunzwe pamoja na vyeti vya mzigo.