Victor Francis Hess: Aliyepaa Kuitafuta Asili ya Miale

Wahenga walinena kuwa mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Maisha ya mwanafizikia Victor Francis Hess yanaithibitisha methali hii kwa upande mmoja na kuikaidi kwa upande mwingine. Alichokisaka alikipata akiwa na umri wa miaka 29. Hata hivyo, chimbuko la kile alichokipata hakulijua hadi alipoaga dunia miaka 52 baadaye.

Hess alizaliwa tarehe 24 Juni 1883 katika kasri la Waldstein, jimbo la Steiermark nchini Austria. Baba yake alikuwa msimamizi wa misitu ya mwana wa mfalme mmoja. Alipata elimu yake mjini Graz, na mwaka 1906 akatunukiwa shahada ya uzamifu na chuo kikuu cha mji huo. Baadaye alihamia Vienna, na kuanzia mwaka 1910 akawa msaidizi katika Taasisi ya Utafiti wa Radiamu, chini ya Stefan Meyer.

Wakati huo wanafizikia walikuwa wakisumbuliwa na jambo lililoonekana dogo. Elektroskopu ni chombo chenye vipande viwili vyembamba vya dhahabu ambavyo hutengana vinapotiwa chaji ya umeme. Ilibainika kuwa hata chombo hicho kifunikwe vipi, chaji yake hupotea polepole na vipande hurudiana. Kuna kitu kilichopenya kuta za chombo na kuigeuza hewa ya ndani kuwa na ayoni, ambazo huisafirisha chaji hiyo. Kwa kuwa unururifu ulikuwa umegunduliwa mwaka 1896, wengi waliridhika kwamba kitu hicho ni miale ya gama itokayo kwenye madini ya ardhini. Laiti ingekuwa hivyo, miale ingepungua kadiri mtu anavyopanda juu. Mwaka 1910 Theodor Wulf, padri wa shirika la Wajesuti, alipanda na kipimo chake hadi kilele cha mnara wa Eiffel jijini Paris, kimo cha takriban mita 300. Miale ilipungua kweli, lakini si kwa kiasi kilichotarajiwa. Mwitaliano Domenico Pacini naye alizamisha vipimo vyake majini, na matokeo aliyoyachapisha yakamfanya aamini kuwa sehemu ya miale hiyo haitoki ardhini.

Hess hakuanza kwa kupaa. Alianza kwa kupima. Mwaka 1911 alichunguza jinsi hewa inavyoifyonza miale ya gama, akakokotoa kuwa miale ya ardhini inapaswa kuwa imekwisha takriban yote katika kimo cha mita 500. Hesabu hiyo ndiyo iliyoipa uzito kila safari iliyofuata. Aliagiza vipimo vyenye kuta imara, visivyovuruga matokeo kwa sababu ya mabadiliko ya joto na kanieneo. Akasafiri kwa puto mara mbili mwaka 1911 na mara saba mwaka 1912, mchana na usiku. Tarehe 17 Aprili 1912 alipaa wakati wa kupatwa kwa jua. Mwezi ulipolifunika jua, vipimo havikuonyesha upungufu wowote. Jua, basi, halikuwa chanzo kikuu.

Safari ya saba ndiyo iliyoamua. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1912, Hess pamoja na rubani na mwanahewa mmoja waliondoka karibu na mji wa Aussig, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki na huitwa Ústí nad Labem. Puto lao lilijazwa hidrojeni, gesi inayowaka kwa cheche moja tu. Walipanda hadi kimo cha mita 5,350, mahali ambapo hewa ni haba na akili ya mtu huchoka kabla ya mwili wake. Hapo ndipo Hess alipopaswa kusoma vipimo vitatu na kunakili tarakimu bila kukosea. Adhuhuri walitua Pieskow, mashariki ya Berlin. Tarakimu zilionyesha kuwa miale hupungua kidogo mwanzoni, kisha huongezeka. Karibu na mita 5,000 ilikuwa takriban maradufu ya ile ya ardhini. Hess alihitimisha kuwa miale yenye uwezo mkubwa wa kupenya huingia katika angahewa kutoka juu.

Hitimisho hilo halikupokewa kwa mikono miwili. Werner Kolhörster wa Ujerumani alipaa hadi mita 9,300 mnamo Juni 1914 na kulithibitisha, ila vita vikazuka punde. Nchini Marekani, Robert Millikan alilitilia shaka, kisha vipimo vyake mwenyewe vya mwaka 1925 vikamshawishi. Ni yeye aliyeipa jina la miale ya kosmiki. Magazeti ya huko yakaanza kuiita kwa jina lake Millikan, na Hess akalazimika kuandika kuikumbusha dunia ni nani aliyetangulia. Jina lenyewe lilibeba kosa. Hess na Millikan walidhani kuwa kitu hicho ni miale ya gama. Mwaka 1927 Jacob Clay, akisafiri kwa meli baina ya Java na Uholanzi, aligundua kuwa hupungua karibu na Ikweta. Huo ulikuwa mkono wa usumaku wa dunia, na sumaku haiwezi kuigeuza njia ya miale ya gama. Vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vijichembe vyenye chaji. Jina, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kuzoeleka.

Mwaka 1931 Hess alikwenda Innsbruck, akaanzisha kituo cha kupima miale kwenye mlima Hafelekar, kimo cha takriban mita 2,300. Kazi ya miaka mingi na radiamu ilimdai gharama yake: alikatwa kidole gumba kwa sababu ya majeraha ya mnururisho. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Carl Anderson, ambaye mwaka 1932 aligundua positroni ndani ya miale hiyo hiyo.

Heshima hiyo haikumkinga. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, Hess, Mkatoliki aliyekuwa na mke wa asili ya Kiyahudi, alifutwa kazi katika Chuo Kikuu cha Graz. Walikimbilia Uswisi, kisha wakavuka bahari. Mwaka uo huo alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Fordham jijini New York, na mwaka 1944 akawa raia wa Marekani. Alifariki tarehe 17 Desemba 1964 mjini Mount Vernon.

Swali lake liliendelea kuishi. Vijichembe vyenye chaji hupindwapindwa na usumaku uliotanda baina ya nyota, hivi kwamba vinapofika duniani haviashirii tena vilikotoka. Miale ya gama, kinyume chake, husafiri moja kwa moja. Palipo na vijichembe vinavyochapuzwa, miale ya gama huzaliwa, nayo humrejesha mtafiti hadi chimbukoni. Kwenye nyanda za juu za Khomas nchini Namibia, darubini nne za kunasa miale hiyo zilikamilika mwaka 2003, na ya tano ikaongezwa mwaka 2012. Zinapewa jina la H.E.S.S., kwa kumbukumbu yake. Kila mwale unapogonga angahewa huzua mmweko hafifu wa samawati unaodumu kwa sehemu ya bilioni chache tu za sekunde, na vioo vya darubini huudaka. Mwaka 2004 darubini hizo zilitoa picha ya mabaki ya nyota iliyolipuka katika kundinyota la Nge, yakiwaka kwa miale ya gama. Mwaka 2013 satelaiti ya Fermi ilitoa ushahidi kwamba mabaki mawili mengine ya aina hiyo huchapuza protoni.

Vijichembe vyenye nishati kubwa kupindukia bado havijathibitishiwa asili. Hess aliacha nusu ya jibu, yaani kwamba vinatoka juu. Nusu hiyo aliipata kwa kuziamini tarakimu zilizopingana na yale yaliyokubaliwa na wengi, na kwa kwenda mwenyewe kuzisoma.