Buddha na Bakuli la Makombo

Wanachama wenzangu, sisi wa hapa Sigor tunaosukuma sahani tukiona mdudu mmoja ndani ya githeri, hebu tumtazame Siddhartha Gautama, yaani Buddha, mzaliwa wa Lumbini katika Nepal ya leo. Masimulizi ya Wabuddha yasema alitoroka jumba la baba yake akiwa na miaka 29, akaenda Rajagaha kuombaomba. Bakuli likajaa makombo ya kila nyumba, yamechanganyika ovyo. Kutia tonge mdomoni, matumbo nusura yamtoke! Lakini alijikemea: si yeye mwenyewe aliyeyataka maisha hayo? Akala.

Baadaye alipita kiasi, akajinyima chakula miaka sita hadi akabaki mifupa. Nuru haikuja. Alipoanza kula tena, wenzake watano wakamwacha, eti mlafi. Akapokea wali wa maziwa kutoka kwa Sujata, akaketi chini ya mti kule Bodh Gaya, akapata nuru akiwa na miaka 35.