Kasisi wa Llanrhaeadr

Utakapofungua Biblia yako ya Kiswahili leo, mkumbuke William Morgan, kasisi wa Llanrhaeadr-ym-Mochnant huko Wales. Tangu 1536 lugha ya mahakama za nchi yake ilikuwa Kiingereza. Mwaka 1549 ibada nayo ikahamishiwa lugha hiyo, ingawa wengi hawakuielewa. Ndipo ikaja sheria ya 1563: Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi, lakini iwekwe kanisani kando ya ile ya Kiingereza, ili watu wailinganishe na wajifunze Kiingereza. Hebu fikiri, Neno la Mungu kufanywa kitabu cha masomo ya lugha ya wakubwa!

Agano Jipya lilitoka 1567, kwa tahajia iliyowatoa jasho wasomaji. Morgan akalisahihisha, akalitafsiri na la Kale, huku akikabiliwa na kesi za majirani. Wapinzani walidai mahakamani kwamba alibeba bastola chini ya kanzu. Je, wewe ungeendelea na kazi hiyo?

Biblia nzima ilichapwa London mwaka 1588. Morgan akawa askofu 1595, akafariki 1604 bila utajiri. Waumini waliotakiwa wajifunze Kiingereza waliendelea kusali kwa Kiwelisi.