Mama Aliyewatetea Wafungwa

Katika matendo ya huruma yako ambayo wengi wetu huyatenda kwa moyo mkunjufu: kumlisha mwenye njaa, kumvika aliye uchi, kumwuguza mgonjwa. Lakini kumwendea mfungwa ni tendo tunalolikwepa. Twasema moyoni kwamba amejitakia mwenyewe. Yafaa, basi, tuyatazame maisha ya mwanasheria mmoja wa Hispania, Concepción Arenal, ambaye hakukubali neno hilo.

Alizaliwa Ferrol, katika nchi ya Galicia, tarehe 31 Januari 1820. Baba yake, ofisa wa jeshi, alitiwa kifungoni kwa ajili ya siasa yake katika utawala wa Mfalme Fernando wa Saba, akafa mwaka 1829 afya yake ikiwa imekwisha haribika. Hivyo mtoto huyu alijua, kabla hajatimiza miaka kumi, kwamba mlango wa gereza ukifungwa juu ya mtu mmoja, mkewe na watoto wake huadhibiwa pamoja naye.

Alipokua alitamani kusoma sheria. Siku zile vyuo vikuu vya Hispania havikuwapokea wanawake. Yasimuliwa kwamba alikata nywele, akavaa mavazi ya kiume, akaingia kusikiliza masomo katika Chuo Kikuu cha Madrid. Shahada hakupewa, lakini elimu aliipata. Mwaka 1848 aliolewa na mwanasheria. Mwaka 1857 akabaki mjane mwenye wana wawili wadogo.

Mjane huyu hakujifungia nyumbani na huzuni yake. Alihamia Potes, na huko mwaka 1859 akaanzisha kundi la akina mama wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, wawaendee maskini majumbani mwao. Mwaka 1860 aliandika kitabu juu ya mapendo na misaada kwa maskini, akakipeleka kwenye shindano la Baraza la Kifalme la Elimu ya Maadili na Siasa kwa jina la mwanawe Fernando, mtoto wa miaka kumi. Kitabu kikashinda. Siri ilipojulikana hakunyang'anywa tuzo, akawa mwanamke wa kwanza kutuzwa na baraza lile.

Baadaye serikali ilimfanya mkaguzi wa magereza ya wanawake huko La Coruña. Alikuta uchafu, uvivu wa kulazimishwa, na watu waliokwisha kujikatia tamaa. Yeye na rafiki yake Juana de Vega walikusanya akina mama wa kuwatembelea wafungwa wale. Mwaka 1865 alitoa kitabu cha barua kwa wahalifu, akiwaeleza sheria kwa upole kama mama asemavyo na wanawe. Mwaka huohuo akaondolewa kazini. Hakunyamaza. Mwaka 1867 aliandika kupinga desturi ya kuwanyonga watu hadharani, na mwaka 1870 akaanzisha gazeti la kuwatetea maskini na wafungwa, lililoendelea hata mwaka 1884. Mataifa yalipokutana kushauriana juu ya magereza, Stockholm mwaka 1878, Roma mwaka 1885 na Sankt Peterburg mwaka 1890, maandishi yake yalisomwa huko ijapokuwa mwenyewe hakwenda.

Mafundisho yake yalikuwa wazi. Kosa ni la kuchukiwa, lakini mkosaji ni mtu. Adhabu isiyomrekebisha mtu humharibu zaidi, kisha humrudisha kwetu akiwa mbaya kuliko alivyokwenda. Wala haki si kuwaachia wahalifu wafanye wapendavyo. Ni kuwaadhibu bila kuwavunjia utu.

Alifariki Vigo tarehe 4 Februari 1893. Miaka saba baada ya kufa kwake, mwaka 1900, Hispania iliacha kuwanyonga watu hadharani.

Sisi je? Pengine katika kijiji chetu iko nyumba ambayo baba yake yuko kifungoni. Mke wake hasalimiwi kisimani, watoto wake huzomewa njiani. Siku baba yule atakaporudi, atanyimwa kazi, na akirudia wizi tutasema tulijua. Hatuna budi kujiuliza ni nani aliyemsukuma. Kumsalimu mke yule, kumlipia mtoto wake daftari, kumpa kibarua aliyemaliza kifungo chake: haya hayahitaji shahada ya sheria. Concepción Arenal naye hakuwa nayo.