Garnham: Tabibu aliyeukabili upofu mtoni

Mto Gucha, ambao Waluo huuita Kuja, huanzia vilima vya Kiabonyoru, jirani na Nyansiongo katika Kaunti ya Nyamira, kisha huteremka hadi Ziwa Viktoria. Palipo na maji ya kasi ndipo azaliwapo usubi, nzi mdogo mweusi aenezaye mnyoo unaopofusha. Kutoweka kwa upofu huo humu nchini kulianza na kazi ya Percy Cyril Claude Garnham.

Garnham alizaliwa London mwaka wa 1901, akasomea udaktari katika Hospitali ya St Bartholomew, na mnamo 1925 akaajiriwa na serikali ya kikoloni nchini Kenya. Ulimwengu wa sayansi humkumbuka kwa malaria zaidi: mwaka wa 1948, yeye na Henry Shortt walithibitisha kwamba vimelea vya ugonjwa huo hukua kwanza ndani ya ini. Kazi yake ya bonde la Kodera, karibu na Oyugis, hutajwa kwa nadra, na hiyo si haki.

Mnyoo wenyewe hauli jicho. Vijinyoo vyake vichanga hutambaa chini ya ngozi na ndani ya macho bila kuleta vurugu kubwa vikiwa hai. Vinapokufa, chembe za kinga za mwili humwaga kemikali kama histamini na saitokini, ambazo huita chembe nyingine vitani. Jicho huvimba, huwa jekundu, na vita hivyo vikirudiwa miaka mingi huacha kovu linaloziba mwanga. Mwaka wa 2002 ilibainika kwamba bakteria waishio ndani ya mnyoo huchochea sehemu kubwa ya vita hivyo.

Ndiyo sababu kumtibu mgonjwa kulikuwa hatari. Dawa iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940 iliua vijinyoo vingi kwa mpigo, na uvimbe uliofuata uliweza kuliharibu jicho lililokusudiwa kuokolewa. Dawa iliyo salama zaidi, ivermektini, iliidhinishwa mwaka wa 1987.

Garnham hakuingoja. Mwaka wa 1946, pamoja na J.P. McMahon, alimwaga DDT katika vijito vya Kodera, na usubi wakatoweka. Leo si rahisi mtu kuruhusiwa kutia sumu hiyo mtoni. Ajabu ni kwamba hawakujua viluwiluwi vya nzi huyo huishi wapi. Ilikuwa 1950 ndipo vilipogunduliwa vimeng'ang'ania migongo ya kaa. McMahon aliendeleza kazi hiyo hadi Mto Gucha.

Wakati huo Garnham alikuwa amekwisha kurejea London, alikokuwa profesa hadi 1968. Alifariki mwaka wa 1994.

Kule Kodera, watu wazima waliendelea kubeba minyoo ile kwa miaka mingi, kwani mnyoo mkomavu huweza kuishi zaidi ya miaka 10. Watoto waliozaliwa baada ya 1946 hawakuambukizwa.